UZI: Kuanza udereva wa semi (lori la kichwa kinachovuta tela) ukiwa na miaka 40 na kuendelea (njia ya Dar – Tunduma – Zambia – Kongo)

#1 Kingipini

Salaam wakuu. Swali la "nina miaka arobaini na kitu, naweza kuanza kuendesha semi?" limejirudia sana humu, na majibu yake ni ya kukatisha tamaa au ya kupotosha. Tuyaweke mambo yote mahali pamoja. Mimi naongelea njia ya kusini, maana shaba na salfa na mafuta ya Kongo na Zambia yanapita huko. Wa Rusumo na Kabanga mtaongeza ya kwenu.

Inawezekana. Leseni haimkatai mtu kwa sababu ametimiza 45 au 50. Kinachokwamisha ni mwajiri kutaka uzoefu usio nao, mwili usioandaliwa, na haraka. Haraka ndiyo inayoua.

Madaraja ya leseni yanachanganya watu. B ni gari dogo la binafsi. D inaongeza magari madogo ya biashara. E ndiyo ya malori makubwa. C pamoja na C1, C2 na C3 ni za abiria. Kuna watu wanalipia mafunzo ya C wakidhani ni hatua ya juu kuliko E, halafu wanafika getini kwa tajiri wa malori wanarudishwa. Ukitaka mzigo, tafuta E.

Mlolongo: unasoma chuo kinachotambulika, unapewa cheti cha mafunzo, unafanyiwa mtihani na polisi wa usalama barabarani, unapata cheti cha umahiri, kisha TRA wanatoa leseni. Kwa magari makubwa watu wengi huenda NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo au VETA, na VETA Kihonda, Morogoro, inajulikana kwa udereva. Mbali na leseni, LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) nao wanawapima na kuwasajili madereva wa vyombo vya biashara, kwa hiyo soma nadharia vizuri, usitegemee mikono tu.

Leseni ya mezani, ya kupewa bila mafunzo, usiiguse. Ukiwa na 25 ukajifunzia barabarani kwa kubahatisha, una miaka ya kusahihisha. Ukiwa na 48 kosa moja kwenye mlima Kitonga limemaliza kila kitu, na bima ikigundua hukufundishwa, familia inabaki na kesi.

Ngazi ninayoipendekeza: Canter miezi 6 hivi, Fuso ya mizigo mwaka mmoja, tipa au lori la tairi 10 miezi kadhaa, ndipo semi. Najua mtu mzima anaona anachelewa. Lakini Canter inakufundisha mizani ya mzigo na breki za mteremko kwa tani 3, mahali ambapo kosa linasameheka.

#2 Ngwale

Mkuu Kingipini, hiyo ngazi inachukua miaka miwili. Mtu wa 46 ataanza semi akiwa 48, na kustaafu ni 60. Kuna faida kweli?

#3 Hesabu_za_Njiani

Ngwale, piga hesabu ya NSSF kabla ya kuuliza faida. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyeanza na 46 bila kuwahi kuchangia popote ana miaka 14 tu hadi 60, hafikishi. Aliyewahi kuajiriwa kiwandani au shuleni na akachangiwa hata miaka 4, hiyo haijapotea kama hakuichukua, na kwa kuongeza miaka 11 ya udereva anapita. Kwa hiyo kabla ya kuaga kazi ya zamani, nenda NSSF uchapishe taarifa ya michango yako na uangalie mapengo. Kuyafuatilia mapengo ukiwa bado na mwajiri ni rahisi kuliko ukiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo.

Pili, soma mkataba. Kipato cha dereva wa semi kina sehemu mbili, mshahara na posho ya safari, na mara nyingi posho ndiyo kubwa. Mchango wa NSSF unafuata mshahara ulioandikwa. Tajiri anayekwambia mshahara ni mdogo "ila posho utaifurahia" amepunguza na uzee wako. Kwa kijana ni jambo la mbali. Kwa mwenye 46 ni la kesho, dai mshahara uandikwe wa kweli.

Tatu, makato. Upungufu wa mafuta, tairi iliyopasuka, mzigo uliopotea, vyote hukatwa kwa dereva bila hata karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Kukata kwa ajili ya hasara, mwajiri lazima akuandikie chanzo, kiasi na namna alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato kwa jumla yasizidi robo ya malipo yako. Uliza makato yanavyofanyika kabla ya kusaini.

#4 NesiWaNjiani

Mwili. Nitaandika kirefu kidogo maana hapa ndipo wanaoanza wakiwa watu wazima wanaponzeka.

Macho. Baada ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa. Mbali unaona vizuri, lakini namba za dashibodi na maandishi ya T1 (hati ya forodha ya mzigo unaopita nchini) yanaogelea. Miwani ya kusomea peke yake haifai kuendeshea, ukiinua macho barabara inakuwa ukungu. Mwambie daktari wa macho kwamba unaendesha, akupimie lenzi ya umbali tofauti katika kioo kimoja, na uizoee wiki mbili nyumbani kabla ya kupanda lori, maana mwanzoni ngazi na kina cha shimo vinadanganya. Ukiona taa za mbele zinachanua kama nyota usiku, au mwanga unakuumiza kuliko zamani, pima mtoto wa jicho. Unatibika kwa upasuaji, na watu wengi hurudi barabarani.

Presha na sukari hazimfukuzi mtu kazini zikidhibitiwa. Hatari iko kwenye ratiba. Glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, unameza asubuhi, halafu unakwama kwenye foleni ya mizani bila kula hadi saa 9 mchana. Sukari inashuka, mikono inatetemeka, akili inazunguka. Weka kitu cha sukari mkono unapofika, si nyuma ya kiti. Insulini usiiache kwenye kabati la kabini, joto linaiharibu. Chupa ya chai yenye maji baridi na kitambaa inasaidia. Dawa za presha za kukojoza zinafanya madereva waache kunywa maji, na hapo figo zinaumia. Kunywa, simama, kojoa.

Piriton ya mafua ni dawa ya usingizi kwa dereva. Usiimeze ukiwa na safari usiku huo.

Usingizi wenyewe. Saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri, na saa 7 hadi saa 9 mchana, mwili unashuka hata kama ulilala. Mtu mzima anayekoroma sana na kuamka amechoka huenda pumzi inakatika usingizini. Huyo atasinzia kwenye usukani hata akilala kwa muda wa saa 8 kamili. Apimwe kwanza.

Mwisho, kushuka kabini. Geuka uso kwenye lori, wakati wote vishike viungo vitatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kuruka kutoka kule juu mara kumi kwa siku kunamaliza magoti kabla ya mwaka.

#5 Kaskazi

Shukrani dada Nesi. Swali kwa wakuu: mtu mzima si bora aende moja kwa moja kwenye lori la otomatiki? Siku hizi zipo Scania za Opticruise na Volvo za I-Shift, magoti yanapona.

#6 Fundi_Hewa

Kaskazi, ukipata otomatiki uitumie, lakini usijifunzie hapo. Malori mengi utakayopewa kama mgeni ni ya Kichina yenye gia za mkono, gia 10 au 12, na baadhi ya gia boksi zake, kama zile za Fuller, hazina sinkronaiza, kile kinachosawazisha mzunguko wa gia ziingie kwa urahisi. Zinataka klachi mbili: kanyaga, toa gia, achia, kanyaga tena, ingiza. Ukishusha gia, katikati hapo unapandisha mzunguko wa injini kidogo ndipo inaingia bila kusaga. Gia inayosaga ni meno yanayolika, na tajiri anasikia.

Ile swichi ya kubadilisha gia za chini na za juu, ipange kabla ya kugusa klachi. Usiishushe lori likiwa kasi. Inagoma katikati, unabaki fri (bila gia), na kama uko kwenye mteremko huingizi gia tena.

Na otomatiki nayo haijui kwamba mbele kuna Kitonga. Ikiachwa kwenye A bila retada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za tairi), inapandisha gia mteremkoni ili kuokoa mafuta, kasi inaongezeka, dereva anakanyaga breki. Kabla ya mteremko weka kwenye mkono, uchague gia mwenyewe.

#7 Kingipini

Tukiwa hapo, tuiongelee miteremko. Ukitoka Dar, Kitonga unaipanda. Unaishuka ukirudi na shaba, tani 30 hivi mgongoni, ukiwa na siku kadhaa za uchovu. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Mbeya kuna Iwambi kabla ya Mbalizi, kuna na Inyala. Wageni wanaisoma ramani ya kwenda, hawaisomi ya kurudi.

Kanuni ya wazee bado ni sahihi: shuka na gia ile uliyopandia, au ya chini yake. Ukishaanza kushuka usitegemee kuipata. Injini iwe karibu na mzunguko 2,000, maana breki ya egzosi inafanya kazi kidogo sana ikiwa kwenye 1,200. Kasi ikizidi uliyojiwekea, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kasi ipungue kwa kilomita 10 kwa saa, achia kabisa, ngoja. Kuikanyagia kidogo kidogo mfululizo ndiko kunakochemsha. Ngoma ya breki inatanuka kwa joto, bitana la breki linateleza kama kioo, fimbo ya chemba (kopo la hewa linalosukuma breki) inatoka mwisho wake, mguu unakwenda chini na lori halisimami. Polisi wataandika breki zimefeli. Zilikuwa nzima juu ya mlima.

Ukisikia harufu, tafuta pa kusimama mapema. Usimwage maji kwenye ngoma, inapasuka. Usivute breki ya mkono ngoma zikiwa nyekundu. Simama kwenye tambarare, weka kabari, subiri.

Na fri, kamwe. Lita ya dizeli unayookoa haifiki bei ya kabari moja.

#8 Fundi_Hewa

Naongeza ukaguzi wa hewa, maana breki zinaanzia pale kabla hujaondoka yadi.

Washa, subiri geji ifike bar 8 hivi au zaidi. Zima injini, achia breki ya mkono lori likiwa na kabari, kanyaga breki ishikilie dakika moja uangalie geji. Ikishuka kwa kuonekana, kuna mahali panavuja. Sikiliza kwa sikio, kwenye maungio pakaa maji ya sabuni. Kisha kanyaga na kuachia mara nyingi mpaka taa au kengele ya hewa ndogo ilie. Ikifika sifuri bila kulia, hilo lori halina wa kukuonya.

Toa maji kwenye matenki ya hewa kila asubuhi. Yakitoka na oili nyingi, kompresa inakula oili, na oili inaharibu mipira ya vali.

Chemba namba 30: mtu akanyage breki, wewe pima fimbo imetoka kiasi gani. Ikizidi sm 5, slaka (mkono wa kurekebisha breki) inataka kukazwa. Pima ekseli zote, zikiwemo za tela.

Na hili nalisema kwa uchungu. Kuna mafundi njiani ambao chemba ikipasuka wanaubana mpira wa hewa kwa waya, safari inaendelea. Wakati mwingine lori linazunguka hivyo miezi, ekseli mbili za tela hazina breki, na dereva mpya anakabidhiwa funguo bila kuambiwa. Ingia chini. Fuata kila mpira kwa mkono hadi kwenye chemba. Ukiona umekunjwa na kufungwa, hiyo safari usiende, hata kama ni ya kwanza na umeisubiri mwaka mzima.

#9 MamaTela

Kuunganisha tela, maana watu wazima wengi wanaogopa kuuliza mbele ya vijana wa yadi.

Tela iwe na kabari na breki yake imeshika. Rudi nyuma mstari mmoja na tela, simama kabla ya kugusa. Shuka, tazama urefu: sahani ya kichwa iingie chini ya tela na kuinyanyua kidogo. Tela ikiwa juu sana, kingipini (pini ya chini ya tela) inapita juu ya taya za sahani. Unasikia mlio, unadhani imefunga, na tela inaachia kwenye tuta la kwanza. Rudi taratibu mpaka ifunge. Shuka tena na tochi, ingia kuangalia taya zimeikumbata shingo ya kingipini, na mkono wa kufungulia umerudi ndani na pini yake ya usalama. Kusikia mlio hakutoshi.

Kabla ya kupandisha miguu ya tela, weka gia ndogo, vuta mbele kidogo breki ya tela ikiwa imeshika. Ikibaki, imefunga. Halafu mipira: mwekundu ni wa hewa ya kudumu, wa njano ni wa breki ya mguu. Ukivibadilisha, breki za tela hazitaachia au zitashika ovyo. Kisha plagi ya umeme, kagua taa, pandisha miguu hadi mwisho, kunja mpini.

Kurudi nyuma: shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Geuza kidogo, subiri, tela inachelewa kujibu. Anayezidisha ndiye anayekunja. Upande usiouona, shuka ukatembee uone. Hakuna mtu mwenye akili atakucheka kwa kushuka mara nne.

#10 Mizani_56

Mambo ya uzito, kwa kuwa faini na ugomvi mwingi vinatokea hapa. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inasema hivi: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye tairi pacha tani 18, ekseli tatu za pamoja zenye tairi pacha tani 24. Semi ya kawaida ya ekseli 6 inafika 8 + 18 + 24, yaani 50. Tani 56 ni kwa ekseli 7. Watu wanasikia 56 wanadhani ni ya kila lori.

Tela ya tairi pana moja moja kwenye ekseli tatu inashuka hadi 22.5. Angalia tairi kabla ya kukubali mzigo.

Kosa la kawaida: uzito wote uko sawa, ekseli za kichwa zimezidi. Chukua kontena la futi 20 lenye tani 27, likafungwa mbele kwenye tela ya futi 40. Kichwa kinabeba kuliko kinavyoruhusiwa, tela inacheka. Likae katikati. Shaba inakuja kwa mafungu ya tani 2 hadi 2.5, eneo dogo uzito mkubwa, kwa hiyo tela itaonekana tupu nusu. Usimruhusu mpakiaji akajaza mbele kwa sababu ya urahisi wa foklifti. Kumbuka na tangi: lita 800 za dizeli ni kama kilo 670, zinakaa kwenye kichwa.

Begi la hewa (springi ya ekseli) linalovuja nalo linahamisha uzito kwenda kwa ekseli jirani, unafika Vigwaza unaambiwa umezidi na bandarini ulipita. Upo uvumilivu wa asilimia 5 kwenye ekseli. Usiupange kama nafasi ya mzigo. Toka Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole hadi Mpemba, kila mizani inasoma kivyake.

#11 Ngwale

Na makaratasi ya kuvuka? Mtu aliyezoea kazi ya ofisini nadhani hapo atawazidi vijana.

#12 Hesabu_za_Njiani

Umesema kweli, na ndiyo faida ambayo mtu mzima aiseme waziwazi kwenye usaili.

Binafsi unahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, leseni. Ya gari ni kadi au nakala yake, bima pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia hata kama si mwanachama wa COMESA, na vibali vya njia. Ya mzigo ni T1, ankara, orodha ya mzigo, na nyaraka za wakala. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuondoka, hifadhi kwenye simu mbili.

T1 lazima ifungwe unapotoka nchini. Isipofungwa, kwa macho ya forodha mzigo umebaki Tanzania na dhamana inadaiwa. Kile kifaa cha kufuatilia kinachofungwa na TRA kwenye mlango usikiguse, na usitoke nje ya njia iliyopangwa hata kwenda kununua tairi. Ukiharibikiwa, piga simu kwanza, upate kumbukumbu ya muda.

Linganisha namba ya lakiri na iliyo kwenye karatasi kwa macho yako, tarakimu moja moja, mchana. Tarakimu moja iliyokosewa Dar itakulaza Tunduma siku mbili.

Saa ya Zambia iko nyuma saa moja. Lubumbashi nako hivyo hivyo.

#13 Pwani_hadi_Lualaba

Wasioijua Kongo: ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia. Rwanda na Burundi pia ni kulia, kwa hiyo wa Rusumo na Kabanga jiandaeni. Lori letu lina usukani kulia, na ukiwa unaendesha kulia unakaa ukingoni mwa barabara, huoni anayekuja ukitaka kupita mwenzio. Usipite. Mzunguko unazungukwa upande mwingine. Hatari kubwa ni asubuhi, umelala pembeni, unaamka, barabara haina mtu, mkono unakupeleka kushoto kwa mazoea. Bandika karatasi kwenye usukani yenye mshale wa kulia.

Lugha haisumbui. Lubumbashi na Kolwezi watu wanaongea Kiswahili chao, utaelewana nao. Makaratasi ni ya Kifaransa, jifunze maneno ya tarehe, uzito, namba ya gari na lakiri.

#14 Kaskazi

Tairi je? Na dizeli, maana nasikia makato mengi yako hapo.

#15 Fundi_Hewa

Semi ya ekseli 6 ina tairi 22 bila spea: 2 mbele, 8 za kichwa, 12 za tela. Saizi utakazokutana nazo zaidi ni 315/80R22.5, 12R22.5, na 12.00R20 yenye tyubu. Upepo ukiwa na mzigo ni kama bar 8 hadi 8.5, ila soma ubavuni mwa tairi. Pima ikiwa baridi. Usitoe upepo ikiwa ya moto eti umepanda. Ikipoa itakuwa chini, itakunja ubavu, itapasuka mchana wa Mikumi.

Pacha zikague katikati, jiwe lililokwama linakula ubavu wa zote mbili. Moja ya pacha ikiwa na upepo mdogo, jirani anabeba peke yake, na inayolegea inasuguana hadi kushika moto.

Ukibadilisha tairi, nati kaza kwa mtindo wa nyota, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena. Kutu inayotiririka kama machozi kutoka kwenye nati ni dalili imelegea. Tairi zinazochomoka zenyewe zinatokana na kusahau kusimama huko.

#16 Mizani_56

Dizeli naimalizia mimi. Semi yenye mzigo inakula lita moja kwa kilomita 2 hadi 2.5, tupu inafika 3 na zaidi. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930, ukichukua 2.2 ni lita 420 hivi. Ukipewa lita chini ya hapo na mzigo kamili, lijadilini kabla ya geti, kwa maandishi. Kila unapojaza andika kilomita za dashibodi, lita, kituo na saa kwenye daftari lako, tofauti na la kampuni. Siku ya kubishana upungufu, daftari lenye mistari 30 ya safari zilizopita ndilo linalosikilizwa.

Foleni ya mpakani injini ikiwaka inakula pia. Andika saa ulizokaa ukiwa umewasha.

#17 Ngwale

Nimeelewa sana, wakuu. La mwisho: tajiri gani anampokea mtu wa 46 asiye na safari hata moja ya Tunduma?

#18 MamaTela

Ngwale, usianze na mwenye semi 200. Hao bima zao na wateja wao wa migodini wanataka miaka ya uzoefu iliyoandikwa. Nenda kwa wenye Fuso za saruji, vinywaji, mazao, na kila mwaka omba barua yenye tarehe, aina ya gari na njia. Pia yadi za makontena huhitaji watu wa kuhamisha tela ndani. Kazi haina posho kubwa lakini kwa miezi michache utakuwa umerudisha tela mara nyingi kuliko dereva wa safari kwa miaka. Njia ya tatu ni kwenda safari mbili au tatu ukiwa wa pili, na dereva mzoefu, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye gari. Bila karatasi, ukiumia WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) hawakujui.

Lori la tenki la kubeba mafuta liache liwe la mwisho. Mzigo unatembea ndani. Ukisimama, mafuta yanakusukuma mbele baada ya wewe kusimama. Ukikata kona, yanavuta upande. Yanahitaji mafunzo yake ya mizigo hatarishi.

Siku ya majaribio watakutazama mambo haya kabla hata hujawasha: umezunguka lori au umepanda tu, umegonga tairi au umezipima, umeangalia mipira ya hewa, umefunga mkanda. Beba tochi, glavu, geji ya upepo na daftari. Gharama yake ni ndogo, na msimamizi wa magari anajua maana yake.

#19 Kingipini

Ngwale, ukishapata Fuso rudi humu uulize ya kufunga mzigo: turubai, kamba na mikanda. Hiyo tutaifungulia uzi wake, ni ndefu.